Nusu ya darasa wamekosa, swali linalofuata la nini?

Kwenye kundi letu la walimu inazunguka video ya kipindi cha Fizikia, Kidato cha Pili, shule moja ya binafsi. Projekta ukutani, kila mwanafunzi na kishikwambi chake, muziki wa Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni, unapiga. Pongezi zimemiminika. Mimi nimeitazama hadi mwisho na nimeudhika.

Swali lilikuwa hivi: mpira umerushwa juu, umefika kileleni, bado haujaanza kushuka. Ni kani gani inayouvuta au kuusukuma hapo? Wengi wakabonyeza "hakuna". Ukutani nguzo ya jibu hilo ikawa ndefu kuliko zote. Mwalimu yeyote wa Fizikia anaijua imani hii: kitu kikitulia hata kwa nukta moja, mwanafunzi anaona kani zimekwisha, wakati dunia bado inauvuta mpira vilevile. Somo lilitakiwa kuanzia hapo! Badala yake likaonyeshwa jibu sahihi, yakaja majina ya vinara, vijana wakashangilia, likaletwa swali lingine. Wale waliokosa wametoka na imani yao ileile.

Eric Mazur, mwalimu wa Fizikia pale Harvard, alianza mwaka 1991 kufundisha kwa namna nyingine. Anauliza swali, kila mmoja anajibu peke yake. Wakigawanyika, haendelei. Anawaambia wageukiane, kila mmoja amshawishi jirani yake kwa hoja, kisha wanajibu upya. Ndipo anaeleza. Hili linawezekana hata kwa kunyoosha mikono. Kinachofundisha ni yale mabishano, na ndiyo yaliyokatwa kwenye video ile ili mchezo usipoe.

Halafu kuna saa inayorudi nyuma. Kahoot kwa kawaida inatoa karibu pointi 1,000 kwa anayepatia haraka, na kama nusu yake kwa anayepatia sekunde ya mwisho. Sasa mchukue mtoto wa shule ya kata aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, akafika Kidato cha Kwanza na kukuta kila swali ni Kiingereza. Ninao wanafunzi wanaoweza kuwaeleza wenzao kani kwa Kiswahili kikanyooka kabisa, lakini sekunde 20 zinawaishia wakiwa bado wanarudia kusoma swali. Tunampima nini mtoto huyu? Na kwa nini jina lake likose kwenye orodha ya vinara mbele ya darasa zima kila wiki?

Sipingi maswali yenyewe. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima walikumbuka asilimia 56 ya walichosoma, na waliorudia tu kusoma asilimia 42. Na ni kweli, wale wanaojificha viti vya nyuma wanajibu wakipewa kitufe cha kubonyeza. Hilo nalikubali.

Kuhusu gharama ya kishikwambi kwa kila mwanafunzi, mnajua wenyewe. Lakini vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na kimoja kinatosha darasa zima. Kwa Plickers, programu nyingine ya maswali, mwanafunzi anashika karatasi iliyochapwa tu, anaigeuza upande wa A, B, C au D na kuiinua. Kamera ya mwalimu inasoma majibu yote. Bando ni la mtu mmoja. Hakuna kushindania kasi, na jirani hatambui kirahisi umejibu nini, kwa hiyo hata aliyekosa anakosa kwa amani. Nguzo zikionyesha darasa limegawanyika, mwalimu anaweza kusimama hapo hapo.

Ombi langu ni kwa wanaoandaa mafunzo kazini. Mnatufundisha kutunga maswali na kupamba rangi. Tupeni na zoezi la kuongoza dakika tano zinazofuata jibu lililokoswa na wengi. Na kwa kipindi cha dakika 40, maswali manne yanatosha.