Tuache kuzihesabu kyubiti kwanza

Kampuni ikitangaza kompyuta mpya ya kwanta, kinachobebwa na vichwa vya habari ni idadi ya kyubiti, yaani vipande vidogo kabisa vya taarifa ambavyo kompyuta hiyo hufanyia hesabu. Naona idadi hiyo inatupotosha. Kyubiti ni dhaifu mno: joto kidogo au kelele ya umeme hufuta ilichobeba. Ndiyo maana Google, mwaka 2024, ilitumia kyubiti 101 kuilinda moja tu. Ni kazi kubwa, naiheshimu, lakini si njia pekee.

Mwaka 2001 wanafizikia Daniel Gottesman, Alexei Kitaev na John Preskill walipendekeza njia nyingine: kyubiti moja ifichwe ndani ya oskileta, yaani kitu chochote kinachotetema, kama mwanga ulionaswa ndani ya kopo la metali. Oskileta moja ina ngazi za nishati zisizo na mwisho. Nafasi ya kujikinga tayari imo humo.

Uzuri wake uko hapa. Fikiria hali ya oskileta kama kete kwenye mashimo ya bao. Ikisukumwa kidogo, unairudisha kwenye shimo lililo karibu. Ikivuka nusu ya njia, utairudisha pasipo pake. Kanuni za kwanta zinakataza kujua kwa uhakika mahali na mwendo wa kitu kwa pamoja. Hapa hatuulizi kete iko shimo gani. Tunauliza imepotoka kiasi gani, na jibu hilo laweza kupatikana kwa mahali na kwa mwendo pia, bila kuigusa siri iliyofichwa, yaani taarifa ya kyubiti yenyewe. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa katika fizikia ya karne hii.

Ilisubiri sana. Hali hizo za oskileta zenye mpangilio kama mashimo ya bao zilitengenezwa kwanza kwa ioni (atomu yenye chaji ya umeme) iliyonaswa, huko chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, matokeo yakachapishwa 2019. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kyubiti ya aina hii, iliyosahihishwa mfululizo, ikidumu zaidi ya mara mbili ya kyubiti bora isiyosahihishwa katika mtambo uleule. Kopo moja na kyubiti saidizi moja, ya kulipima na kulirekebisha!

Bado kuna kazi. Mashimo kamilifu yangehitaji nishati isiyo na kikomo, kwa hiyo yanayotengenezwa ni ya kukadiria. Kyubiti saidizi nayo ikikosea, kosa lake huingia ndani ya kopo. Tabaka la pili la ulinzi litahitajika juu yake, ila litajengwa kwa kyubiti ambazo tayari zinajisahihisha, na hapo ndipo ningependa fedha za utafiti zielekezwe.