Fulashi ni ya kubebea, si ya kutunzia maisha yako yote

Msimu wa kudefandre, yaani kutetea kazi ya mwisho ya chuo, ukifika hapa Goma, ingia sekreteria yoyote ya kuchapia na kuprintia utakuta etudia mmoja amesimama nyuma ya mwenye mashini, ile kompyuta, anamsihi, "jaribu tena kaka, bransha upande wa nyuma, pengine itasoma." Haisomi. Basi lawama zote kwa fulashi, eti za siku hizi ni takataka, za zamani njo zilikuwa ngumu. Mimi hapo nakubali nusu tu. Fulashi mbaya zipo, tena nyingi, nitazifikia, lakini shida kubwa ni sisi kuipa kile kidude kazi ambayo haikutengenezewa.

Zilipoanza kuuzwa mwaka 2000, ile ya kampuni ya Trek ya Singapore na ile ya kampuni ya M-Systems ambayo IBM iliiuza Marekani, hiyo ya pili ilikuwa na MB 8. Nane tu! Picha chache za simu yako ya leo zinaijaza. Lakini watu walifurahi ju disketi ilikuwa inabeba MB 1.44, na kazi waliyoitaka ilikuwa moja, kutoa faili kwa mashini hii kupeleka kwa ile. Fulashi ni kama motari wa pikipiki, anakufikisha unakoenda lakini huhamii kwake na vyombo vyako vyote.

Na kwa hiyo kazi ya kubeba, hakuna kinachoishinda, tusiidharau. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipotapika, halafu tarehe 27 ikatoka amri kwamba kartie nyingi za mji zitoke, watu wakashika barabara ya Sake, wengine Gisenyi, wengine wakatafuta boti ya Bukavu, nani alikuwa na nguvu ya kubeba kompyuta nzima? Mama mmoja jirani yetu alitoka na mtoto mgongoni, na fulashi ameifunga kwenye ncha ya kitenge, fundo mbili, ndani kuna diplome zimeskaniwa, hati ya parseli, kile kiwanja chake, na picha za marehemu mume wake. Lakini huyo mama alikuwa mjanja, zilezile karatasi shemeji yake wa Bukavu alikuwa nazo tayari kwenye imeli, kwa hiyo hata fundo lingefunguka njiani asingelia.

Sasa kuhusu ugumu. Ndani ya fulashi hakuna kitu kinachozunguka, ndiyo maana ukiiangusha kwenye yale mawe yetu ya volkano inaokotwa na kazi inaendelea, wakati diski kubwa ya nje ikianguka vile ikiwa inafanya kazi unaweza kuanza kuiombea. Hata ikifuliwa ndani ya suruali mara nyingi inapona, mradi tu uiache ikauke kabisa kabisa, siku kadhaa, ju kinachoiua ni umeme kupita wakati bado ina maji. Kwa hiyo wale wanaonunua fulashi ya chuma eti ndiyo inadumu, sawa, ni nzuri kwa macho, lakini kinachokufa kwa kawaida hakiko kwenye ganda.

Faili zako mle ndani ni chaji ndogondogo za umeme zilizofungiwa kwenye visanduku ambavyo jicho haliwezi kuona. Kila ukifuta na kuandika upya, kuta za visanduku zinachakaa. Za zamani ziliweka biti moja, yaani chembe moja ya habari, kwa kila kisanduku na zilivumilia kuandikwa karibu mara 100,000, nyingi za leo zinabana biti tatu au nne palepale, uvumilivu ukashuka hadi kama 1,000 au chini ya hapo. Hapo wazee wanaosifu za zamani hawakosei. Lakini niambie, nani kati yetu anaijaza na kuifuta fulashi nzima mara elfu? Cha kuogopa zaidi ni ile uliyoitupa ndani ya droo miaka na miaka, ju chaji inavuja polepole, na joto linaharakisha.

Kinachoua fulashi za sekreteria nakiona kila siku. Mteja anakopie kazi yake, taa ya fulashi inawakawaka, umeme unakatika pu, kijana anakimbia kuwasha gurupu, ile jenereta, mteja ana haraka keshachomoa. Anarudisha, Windows inamuuliza kama anataka kuformate, na kijana bila hata kumwangalia mwenye mali anabonyeza ndiyo. Hapo bado hamjapoteza kila kitu! Formati ya haraka inafuta ile orodha inayosema faili gani iko wapi, lakini zenyewe mara nyingi bado zimelala mlemle, programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuzichimbua, ila usiandike kitu kingine juu yake, hata wimbo mmoja. Kama kilichokufa ni kontrola, ile chipu inayoongoza kila kitu, hiyo ni habari nyingine, faili ziko salama lakini mlango haufunguki, na fundi wa kuufungua ni nadra na ni ghali.

Halafu kuna zile ambazo hazijafa, zina virusi tu. Unafungua unakuta dosie zako zote zimekuwa vinjia vya mkato (shortcut), hazifunguki, watu wanatupa fulashi nzima wakati faili zimefichwa tu. Safisha virusi kwanza, kisha amri ya Windows, attrib -h -r -s /s /d, ukiiandika ukiwa ndani ya fulashi yenyewe, inazirudisha machoni. Nimeona mtu analipa dola kwa kazi hiyo ya dakika mbili, lakini na yeye kijana wa sekreteria anakula wapi.

Na ikifika siku fulashi inakubali kusoma lakini inakataa kuandika, usihangaike kuilazimisha kwa programu za intaneti. Mara nyingi ni kontrola imeona visanduku vimechoka ikafunga mlango wa kuingilia, ikakuachia wa kutokea. Toa vitu vyako, iweke pembeni.

Mega za intaneti ni ghali, najua, utaniambia hivyo. Lakini TFC, ile kazi ya mwisho ya chuo, ya Word isiyo na picha nzito haifiki hata MB 5, jitumie kwa imeli kila ukimaliza shapitre, nyingine acha kwenye mashini ya rafiki, na fulashi ibaki ya kwendea kuemprime, kuprinti. Ni hayo tu, hakuna teknolojia hapo.

Sasa zile fulashi za Birere, kartie ya biashara hapa Goma, TB 2 kwa dola kumi. Fulashi ya kweli ya TB 2 ipo, Kingston ilitangaza ya kwake mwaka 2017, lakini bei yake na dola kumi hazisalimiani. Muuzaji ataibransha kwenye laptopu yake, atakuonyesha duara, TB 1.9 libre, "umeona mwenyewe boss!" Hukuona kitu. Kontrola imefundishwa kusema uongo, ndani pengine kuna GB 16 au 32, ukizipita hizo faili mpya zinatupwa hewani au zinaandikwa juu ya zile za zamani, na majina yote yanaendelea kuonekana vizuri mpaka siku unafungua. Mimi kwa dola kumi nachukua GB 16 ya ukweli, tena narudishiwa chenji. Na kama huamini, iko programu ya bure ya Wajerumani inaitwa H2testw, kwenye Linux iko F3, zinajaza fulashi mpaka mwisho halafu zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichobaki. Inachukua muda mrefu. Mimi naenda na laptopu yangu na kuomba nijaribu kwanza kabla ya kulipa, na muuzaji akisema hapana, kuna wateja wanangoja, basi makuta inabaki mfukoni nasogea kibanda kinachofuata.