Msukumo wa injini ya chombo cha angani: ukokotolewe au ukadiriwe?

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika inayohusu bunilizi ya kisayansi, ubishi huu hauishi: msukumo wa injini upatikane kwa kanuni za fizikia, au kiongozi wa mchezo aseme tu "injini yenu ni ya daraja la nne" na dadu zirushwe?

Watetezi wa hesabu wana hoja nzito. Msukumo, unaopimwa kwa nyutoni, ni tungamo mara mchapuko, yaani kiwango cha kasi kuongezeka. Chombo cha tani 1,000 kinachotaka mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, sawa na mvutano wa Dunia, kinahitaji nyutoni milioni 9.8. Hatua ya kwanza ya Saturn V, roketi iliyowapeleka watu Mwezini, ilitoa takriban milioni 34, kwa hiyo namba hiyo haitishi, na wengi hufunga daftari hapo.

Wanafunga mapema mno. Tuseme safari ni ya kilomita milioni 78, chombo kikiongeza kasi nusu ya njia na kuipunguza nusu iliyobaki. Kitafika kwa saa 50 hivi, na injini haizimwi. Hata gesi ikitoka injinini kwa kilomita 1,000 kwa sekunde, zaidi ya mara 200 ya roketi za haidrojeni na oksijeni, kanuni ya mafuta na kasi aliyoichapisha mwanasayansi Mrusi Tsiolkovsky mwaka 1903 inadai chombo kiondoke na zaidi ya tani 5,700 ili kifike na tani 1,000, tofauti ikiwa mafuta. Na kuusukuma mzigo huo mwanzoni kunataka nyutoni milioni 56! Msukumo uliokokotolewa bila tangi la mafuta ni nusu ya jibu.

Upande wa pili nao una haki yake. Wachezaji wakingoja kikokotoo, hofu ya kufukuzwa na maharamia hupoa. Tena ile kasi ya gesi tumeichagua wenyewe; kung'ang'ania desimali juu ya namba ya kubuni ni usahihi wa bandia.

Mimi naegemea hesabu, ila ifanywe kabla ya mchezo, na mezani zije namba mbili tu: mchapuko, na kiasi cha kasi ambacho mafuta yaliyobaki yanaweza kubadilisha. Hiyo ya pili ndiyo inayozaa visa. Nahodha aliyebakiwa na kilomita 300 kwa sekunde, huku anakwenda kwa 280, anaweza kuongeza kasi awakimbie maharamia sasa hivi, lakini hatakuwa na mafuta ya kutosha kumsimamisha mbele ya safari.