Mia Tatu ya Haki

Mji huu wa Arusha una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lakini mtu mzima kujisaidia mpaka awe na chenji.

Jana asubuhi bomba lilikohoa, likatema kijiko cha maji mekundu, likanyamaza. Bili ndiyo haijawahi kukatika. Nikatoka bila kuoga, nikapiga chai mbili kwa mama ntilie, nikafika mitaa ya stendi kibofu kinaniita kwa jina.

Mlangoni pa choo cha kulipia kakaa mama na bakuli la sarafu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Nimebana miguu.

"Za nyumbani? Mama hajambo? Watoto?"

"Wote hawajambo, mama, naomba nipite."

"Mia tatu. Ndogo au kubwa?"

Foleni nzima ikatega masikio. Nikasema kwa sauti ya diwani: ndogo. Nikatoa elfu kumi. Akaiinua juani, akaikagua pande zote, akanirudishia. Chenji hana, niende duka la pale. Mwenye duka naye havunji pesa bure, labda ninunue maji. Maji! Nilicheka nusura niaibike.

Nikanunua. Nikarudi na chupa, chenji na hasira. Nikamwambia kwa heshima zote: mama, tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji safi na choo ni haki ya binadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna hata moja iliyokataa.

"Na sisi Tanzania?"

Hapo akanipata. Sisi tulikuwa kwenye zile 41 zilizokaa pembeni, si ndiyo si hapana.

"Basi baba, mia tatu."

Nikalipa. Ndani koki ipo, inang'aa, maji hamna. Nikanawa kwa ya chupa, ya kununua, mimi ninayelipa bili!

Na hata hayo ya bomba yakija, kuna mitaa yana floraidi ya Mlima Meru, mtoto anaota meno rangi ya chai. Usiniambie nichemshe. Ukichemsha unapunguza maji tu, floraidi inabaki imejaa vilevile.

Mwenye nyumba wangu ana simtanki, kalitia kufuli. Eti la dharura. Dharura ipi tena anayoisubiri huyu? Kodi ya miezi sita anaitaka kwa mkupuo, mlango wa stoo hajatengeneza, na jogoo wake analala dirishani kwangu.