Walikubaliana Jambo Moja Tu

Huku Marekani, ukisema unapigania haki za wanawake, kwanza utapimwa. Unampigia nani kura? Unasemaje kuhusu utoaji mimba, kuhusu bunduki, kuhusu Gaza? Kosea moja tu, wanakuhama. Yale maandamano makubwa ya wanawake ya Januari 2017, siku moja baada ya Trump kuapishwa, yalifurika Washington hadi dunia ikashangaa. Kufikia Januari 2019 waandaaji walikuwa wamefarakana, New York ikawa na mikutano miwili hasimu siku ile ile.

Hapa Minnesota nimekaa kwenye kikao kilichobishania aya moja ya tamko karibu saa nzima. Mama mmoja aliyekuja kueleza kwamba hana wa kumwachia watoto akienda shifti ya usiku alichukua koti lake akaondoka. Hakuna aliyemfuata.

Mimi huwakumbuka akina mama wa Uhuru Park, Nairobi, 1992. Wangari Maathai, profesa, na akina mama wazee wa shambani kama Monica Wangu Wamwere waligoma kula, wakidai wana wa wazee hao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Polisi walipowavamia Machi 3, baadhi ya mama hao walivua nguo mbele yao. Baadaye wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa humo miezi na miezi. Nani alisali wapi, nani alisoma hadi wapi, halikuwa suala. Dai lilikuwa moja.

Sisemi nyumbani Kenya ni peponi. Katiba ya 2010 ilitaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti. Mwaka 2020 Jaji Mkuu Maraga alishauri Bunge livunjwe kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, na wabunge wakaendelea kukalia viti vyao. Wengine ni wanawake, ila mwenye chama akikohoa wanafyata.

Januari 2024, wanawake walipoandamana Nairobi kupinga mauaji ya wenzao, Esther Passaris, Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi bungeni, alizomewa: ulikuwa wapi? Kuna waliosema ni wanawake kutafunana. Hapana! Mwakilishi wetu kuulizwa kazi yake si mfarakano.

Kikao kijacho nimeomba ajenda moja: malezi ya watoto usiku. Wamejiandikisha mama wa Kisomali, dada wa Kakamega, na Mzungu mmoja ambaye bango la Trump bado limesimama uani kwake.