Hofu ya Pemba na vidonge vya wasichana wa bweni

Taja vidonge vya kuongeza damu kwa wasichana wa sekondari, na hatakosekana wa kukukumbusha Pemba. Jaribio lililofanywa huko na kuchapishwa mwaka 2006 lilionesha kuwa watoto waliopewa madini chuma na asidi ya foliki kila siku walikuwa katika hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kufariki au kuhitaji matibabu hospitalini. Vidonge vya chuma vikasitishwa kabla ya muda.

Tangu hapo asilimia 12 hiyo inatajwa bila umri wa waliohusika. Walikuwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka mitatu, malaria ikiwa imeshamiri kisiwani, nao walipewa dawa bila kupimwa kwanza nani amepungukiwa. Tena, katika kundi dogo la utafiti huohuo ambamo watoto walipimwa na malaria ikatibiwa, wenye upungufu wa chuma walinufaika. Sehemu hii hainukuliwi.

Msichana wa kidato cha pili hupoteza damu kila mwezi. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri kidonge kimoja kwa wiki, chuma miligramu 60, kwa miezi mitatu kisha kupumzika mitatu, mahali ambapo upungufu wa damu kwa wanawake umefika asilimia 20. Penye malaria, kinga na tiba yake viende sambamba. Tanzania, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu huo. Zaidi ya mara mbili ya ile asilimia 20!

Wanaosema "wapeni chakula bora" wana hoja. Lakini sahani ya bweni tunaijua: ugali, maharage, na nyama kwa siku zake. Chuma cha maharage mwili hukifyonza kwa shida, na chai ya rangi juu yake huzidi kukizuia. Chungwa lingesaidia mwili kukifyonza, ila ratiba ya jikoni haipangwi na mwanafunzi.

Vidonge vina kasoro zake. Huleta kichefuchefu na choo cheusi, na binti asiyeelezwa mapema atavitupa dirishani. Kama ana minyoo ya safura au kichocho, bila tiba yake ni kutia maji kwenye pakacha. Mwenye seli mundu aanzie kwa daktari.

Makopo ya multivitamini ambayo wanachuo hununua wakati wa UE, mitihani ya chuo kikuu, ni habari nyingine. Kijana wa kiume mwenye afya njema hahitaji chuma cha ziada, na mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi.

Kupima wekundu wa damu ni tone moja tu la kidoleni. Msichana akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, kidonge cha wiki hakimtoshi. Apewe dozi ya matibabu.