Jumatatu ya Kinyozi

Jamani, nani aliwaambia watu wa Dar kwamba nywele hazioti Jumatatu? Jumamosi hapa wanagombania benchi nusura wararuane. Leo, kimya. Nimeshafagia nywele za jana, nikafagia na zisizokuwepo. Mashine nimezipiga spiriti mpaka zimelewa. Nikakaa kiti cha mteja, nikajizungusha. Kizunguzungu nacho kikaniboa.

Bango la mitindo pale ukutani nimelikariri. Yule namba saba namjua kuliko shemeji yangu. Miaka yote anatabasamu, na hajatokea mtu wa kusema "ninyoe kama yule". Wote wanataka kipara, au "punguza kidogo", halafu ukipunguza wananuna.

Msidhani watu hawaji. Wanakuja sana! Huyu kaleta simu ichajiwe kwa umeme wangu wa LUKU. Yule anabinua midomo kwenye kioo, anatumbua chunusi, anaaga. Halafu mzee wa nyumba ya nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete gazeti."

"La wiki iliyopita, mzee."

"Lete tu, wiki yenyewe sikuielewa."

Hapo bado hawajaingia wale wawili, wa Simba na wa Yanga. Wa Simba anaanza na 1993, walivyofika fainali ya Kombe la CAF. Wa Yanga anamkata: Stella Abidjan si waliwachapa 2-0 hapa hapa Dar? Wa Simba anarudisha: na nyie fainali ya 2023, USM Alger si waliwanyima kombe kwa goli la ugenini? Wa Yanga anajitetea: sisi jumla ilikuwa 2-2, bwana! Wa Simba: sasa hiyo 2-2 mmeiweka kabati gani? Basi wa Yanga anafukua 2025, Simba walivyofungwa fainali na Berkane, mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Watu wazima, kombe lenyewe hawana, wanabishania nani kalikosa kiheshima zaidi. Kila Jumatatu! Nimeshajua hata mahali kila mmoja atakapokohoa. Wakichelewa, mimi mwenyewe nachungulia mlangoni, nauliza hawa wako wapi.

Leo kwenye saa kumi akatokea mteja wa kweli. Kichwa msitu, ndevu msitu, mikono yangu ikaanza kuwasha. Akasimama mlangoni, akatazama benchi lilivyojaa.

"Du, kinyozi, foleni yote hii? Ngoja nivuke kwa yule wa ng'ambo."

Kabla sijafungua mdomo, kashavuka. Mzee akashusha gazeti.

"Huyo naye Simba au Yanga?"